Hapana Salamu Kwenye Redio

Usenge, kando ya ziwa
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mdogo wangu Mghoi, huko kwetu Wundanyi,

Mghoi, umeamkaje mama? Hayo magoti bado yanapanda mlima wa kwenda kanisani ama siku hizi unasalia nyumbani? Kifua cha shemeji kimetulia? Mahindi mlivuna nyinyi ama walivuna nyani mbele yenu? Mimi niko. Mguu wa kushoto unanisumbua ukisikia baridi ya ziwa, lakini nakula, na meno yaliyobaki yanatosha kwa omena, hawa samaki wadogo wa huku.

Anayeandika hapa ni Pamela, jirani yangu, mshonaji wa nguo hapa bichi. Nimemwambia aandike vile nasema, asiniwekee Kiswahili cha shule. Kikwetu yeye hajui, na wewe Kijaluo hujui, basi tunakutana hapa katikati na Kiswahili, na changu kimeharibika huku, kimeshika harufu ya samaki. Pamela anacheka. Andika, usicheke.

Barua yako nilipata, na nimesomewa mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeniuliza neno moja: nakuja nyumbani ama sikuji. Umesema Owino mume wangu amekufa siku nyingi, na mtoto wetu mmoja tulimzika Voi wakati Owino akifanya kazi ya reli, kabla hajanileta huku kwao, sasa mimi nakaa na nani kwa Wajaluo? Umesema kijana wako atakuja kunichukua kabla ya mvua. Mghoi, nitakujibu. Leo leo nitakujibu, sitafunga hii barua bila jibu. Lakini lazima kwanza nikuambie habari ya redio, bila hiyo utaona dada yako amerukwa na akili.

Siyo redio ya nyimbo na habari. Hiyo Owino aliniachia moja na ilikufa mwaka ule ule aliokufa, sijui ilimfuata. Hii ni redio ya kuitana na watu walio majini. Ni sanduku la chuma, kubwa kama mikate miwili ukiipanga, ina taa nyekundu, inakula betri ya lori. Ina mkono wa kuongelea, na kamba yake imejikunja kama ya simu ya posta. Ukitaka kuongea unafinya kidude cha ubavuni. Ukimaliza unaachilia, ndiyo mwenzako aongee. Hamwezi kuongea wote wawili. Ukifinya wewe, umejiziba masikio. Akifinya yeye, hata ukipiga mayowe mpaka kuku waruke, hakusikii. Shika hilo, Mghoi, maana ndiyo habari yenyewe.

Ilikujaje kwangu? Kuna boti ilipotea na watu, na hakuna aliyejua wamepotea mpaka ziwa lilipowarudisha. Basi wavuvi wakachanga, kanisa likaongeza, redio zikaja, moja ya nchi kavu na zingine za kuweka kwenye boti. Ile ya nchi kavu wakaileta kwangu, kwa sababu nyumba yangu iko karibu na maji na ule mti mrefu wa waya wa kushika sauti ulisimama vizuri hapo nyuma. Lakini siyo hiyo tu. Mwenyekiti wa wavuvi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Tuweke kwa huyu mama. Huyu haendi mahali." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini hiyo neno ilikuja ikalala na mimi kitandani, na mpaka leo haijaamka kwenda kwake.

Wakaleta mzee mmoja kutoka Kisumu, mtu aliyefanya kazi ya meli mpaka akastaafu, viatu vinang'aa kama amevaa vioo. Akatufundisha. "Ukiwa kwa hatari, sema medei, medei, medei. Halafu jina la boti. Halafu mko wapi. Halafu shida ni gani. Halafu mko watu wangapi. Basi, uachilie usikize. Hakuna hadithi."

Mwenyekiti akainua mkono. "Na salamu unaweka wapi?"

"Hakuna salamu."

"Hata kama ni mtu mzima ameshika redio hapa?"

"Hata kama ni baba yako. Unazama, wewe!"

Watu wakaguna. Mvuvi mmoja mwenye mvi akasema, "Huyu ameharibiwa na meli. Niingie kwa nyumba ya mama wa watu nianze na shida yangu, kama mbuzi?" Wakacheka, na yule mzee wa Kisumu akakasirika, akanywa chai bila kutuangalia, akaenda.

Mghoi, wewe unajua vile mtu anasalimiwa kwetu. Sasa huku ni zaidi. Mjaluo akikusalimia atapitia watoto, apitie ng'ombe, apitie mvua, ndiyo afike kwa jambo. Basi redio ikawa hivyo. Jioni boti zikirudi, moja moja inaniita. "Dana, oimore." Dana ni nyanya, oimore ndiyo salamu yao ya jioni. Na mimi najibu, "Oimore ahinya." Wananiuliza mguu, nawauliza upepo. Sitakudanganya, niliipenda hiyo redio. Nilikuwa naosha uso kabla ya kukaa nayo.

Mmoja wao ndiye Okello. Huyu ni dereva wa boti inayobeba watu na samaki kutoka kisiwa cha Mageta kuja hapa. Siyo mtoto, ni mtu mwenye bibi na nyumba yake, sauti nzito, adabu mpaka unaona haya. Yeye hakuacha hata siku moja. "Dana, mguu umeshindaje? Dana, umekula?" Na kuna siku, Mghoi, sauti peke yake iliyoniuliza kama nimekula ilitoka ndani ya lile sanduku.

Sasa ngoja nikuambie majani. Ziwa letu limeota majani. Wanayaita gugu. Yana maua mazuri ya zambarau, ukiyaona kwa mbali utafikiri ni shamba la mtu mwenye bidii. Lakini chini ni maji matupu. Na yanatembea! Upepo ukigeuka, shamba lote linaondoka kama ng'ombe wakiswagwa. Unalala bichi iko wazi, unaamka hakuna maji, ni kijani mpaka macho yachoke. Boti ikiingia humo injini inafungwa miguu, halafu yale majani yanaondoka nayo, na mwenye boti hajui tena yuko wapi. Omena imepanda bei kwa sababu ya hayo majani, lakini wacha bei, Pamela, usiandike bei.

Siku hiyo jua la alasiri lilikuwa bado kali. Pamela alikuwa nje anashona sare za kwaya, mimi nachagua mchele. Redio ikaita. "Dana, Dana, oimore. Ni Okello."

"Oimore ahinya, Okello."

"Mguu umeshindaje, Dana?"

Mghoi, sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mtu amebeba kitu kizito na anajaribu kutabasamu. Na nyuma yake nikasikia wanawake, wengine wanaimba wimbo wa kanisa, mmoja analia. Nikafinya, nikasema, "Wacha mguu, nini iko huko?" Lakini yeye alikuwa ameshafinya upande wake, hakunisikia. Akaendelea. "Umekula, Dana? Na huko mvua iko? Sisi tunasalimia nyumba yote." Mimi napiga meza. Nalia, "Okello, achilia! Sema uko wapi!" Yeye ananisalimia. Nampigia kelele mtu aliyejiziba masikio kwa heshima yangu.

Ndiyo akasema, "Sasa, Dana, samahani kukusumbua, sisi huku tuko na shida kidogo." Kidogo! "Majani imeshika injini, ubao mmoja umefunguka, maji inaingia. Tuko na akina mama. Betri imelowa. Tuko hapa upande wa..."

Kimya.

Nikafinya, "Upande wa wapi?" Nikaachilia. Hakuna. Ni ule mvumo tu, kama mafuta ya kukaanga. Nikamwita Pamela, akakimbia bila viatu kumwita mwenyekiti, na mwenyekiti akaja anahema, shati mkono mmoja umeingia, wa pili haujaingia.

"Amesema wako wapi?"

"Hakusema."

"Mama, Pamela anasema ameongea muda mrefu! Alikuwa anasema nini muda huo wote?"

"Aliniuliza kama nimekula."

Mwenyekiti alikaa chini, kwa udongo, mtu mkubwa vile. Bibi yake mwenyewe alikuwa kwa hiyo boti, alikuwa ameenda Mageta kuona mama yake.

Halafu akainuka akashika redio, na sasa akasema vile tulifundishwa, medei, medei, medei, kwa niaba ya boti ya Okello. Ikajibu meli ya mizigo iliyokuwa inaelekea Kisumu. Mtu wa meli akauliza mahali. Mwenyekiti akasema hatujui, ni ndani ya majani, kati ya Mageta na hapa. Akaniwekea mkono wa redio kwenye mapaja, akasema, "Kaa hapa, Mama," akaenda kusukuma boti na wanaume na panga za kukatia yale majani. Kaa hapa. Kana kwamba nilikuwa naenda mahali.

Mtu wa meli akaniita. "Kituo cha nchi kavu, ule upande wa majani ni mkubwa sana, boti iko sehemu gani?"

Nikamwambia, "Baba, kama ningejua ningekuwa nimeshaenda na miguu."

Na hapo redio ikakohoa. Kh, kh. Nikamwuliza mtu wa meli kama ni yeye, akasema siye, na yeye hasikii kitu. Ni mimi tu nilisikia, sababu ule mti wa waya uko juu. Ikakohoa tena. Nikafinya, nikasema, "Okello, kama ni wewe, finya mara mbili." Nikaachilia.

Kh, kh.

Mghoi! Sauti ilikuwa imekufa, kidole kilikuwa hai.

Mtu wa meli ndiye aliyejua la kufanya, Mungu ambariki, najua naye viatu vyake vinang'aa kama vya yule wa Kisumu. Akasema, "Mama, mimi nitatembea pembeni ya majani nikipiga honi. Kila nikipiga, muulize kama amesikia." Basi tukafanya hivyo. Meli inalia huko mbali, hata mimi hapa naisikia kidogo. "Okello, umesikia honi?" Hakuna. Meli inasogea, inalia. "Umesikia?" Hakuna. Nikafikiri amekufa. Nikaona uso wa mama yake Okello, anauza dagaa... omena, huku ni omena, hapa chini ya nyumba yangu, atanipita kila siku.

Kilichonisumbua ni kuachilia. Wewe unanijua. Mama alikuwa anasema mimi nilizaliwa katikati ya sentensi. Nikishika kile kidude nataka kusema, kusema, nimpe moyo, na kila nikisema mimi, yeye hawezi kukohoa. Ikabidi nijifunze kwa hiyo saa moja kitu ambacho sikujifunza miaka yote. Sema kidogo, achilia, sikiza. Sema kidogo, achilia.

Meli ikalia tena. "Umesikia?"

Kh, kh.

Nikamwambia mtu wa meli, na yeye akaambia boti za mwenyekiti zifuate honi. Lakini kukata yale majani ni kazi, si kama kufyeka shamba, unakata yanajirudi. Mtu wa meli akasema, "Mama, itachukua muda. Usimwache. Mzungumzishe asikate tamaa." Basi nikamzungumzisha. Nikamwambia mwenyekiti anakuja, nikamwambia bibi yake yeye Okello anapika, uongo, nilikuwa namwona hapo nje ameketi anajishika kichwa. Nikamwambia habari ya Owino, vile aliniona Voi nimebeba kabeji akanunua zote na hajui kupika kabeji. Naachilia. Kh, kh. Kiswahili kikaniishia. Nikaingia Kijaluo, nacho kikaniishia. Na sijui ni saa gani, Mghoi, lakini nilijisikia nasema kikwetu. Nilikuwa namwambia Okello yale mama alikuwa anatuambia ukungu ukishuka mlimani na sisi tumechelewa na mbuzi, hatuoni njia. Wewe unayajua. Pamela ameniuliza ni maneno gani ayaandike, nimemkataza, hataweza kuyaandika na atayaharibu. Miaka yote hii sijayasema kwa mdomo. Na kila nikiachilia, kh, kh.

Jua lilikuwa linaingia majini niliposikia kelele huko bichi. Wamepatikana. Wote! Hata mama mmoja mwenye mimba kubwa, hata bibi ya mwenyekiti. Boti ilibaki huko na samaki, lakini watu walitoka wote. Pamela akakimbia kuangalia, na ni haki yake, dada yake alikuwa ndani. Bichi yote ilikuwa inapiga vigelegele, kila mtu amemshika wake. Mimi nilibaki nimekaa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, siwezi kusimama. Nikaita, "Okello?" Nikaachilia. Hakuna, maana hakuwa tena na redio. Alikuwa na watu wake. Hakuna aliyekuja kuniambia kitu usiku ule. Nilirudia mchele wangu nikamaliza kuuchagua, nikapika, nikala. Hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi Okello akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akanisalimia mpaka mwisho, mguu, usingizi, mvua, na mimi nikamjibu yote, tukaanza kucheka na yeye akaanza kulia. Halafu akaniuliza, "Dana, ile lugha ya mwisho ilikuwa gani?"

Nikamwambia ni kwetu.

"Hatukuelewa hata neno," akasema. "Lakini betri ilikuwa inaishia, nikataka kuizima ipumzike, akina mama wakanishika mkono. Walisema, usizime, wacha huyo mama aongee."

Mghoi, nimekaa huku tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza lugha yangu ilikuwa gani.

Basi wavuvi wakakaa mkutano. Mwenyekiti akachukua rangi ya boti, akaja akaandika kwenye ukuta wangu, juu ya redio, herufi kubwa kama ng'ombe: HAPANA SALAMU. Pamela ndiye aliyenisomea. Na kila boti ikaandikwa hivyo. Mimi nilisema ni vizuri. Nilikuwa wa kwanza kusema. Sasa jioni ni, "Boti ya Atieno, tunatoka Mageta, watu saba, ova." Ova ni kusema nimemaliza, zamu yako. Nami nasema, "Nimesikia, ova." Basi. Na Okello ndiye mkali zaidi. Juzi mmoja alijisahau akasema oimore, Okello alimfokea kwa redio mpaka nikamhurumia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia.

Hivyo ndivyo nakaa siku hizi, Mghoi. Nasikia sauti kutoka asubuhi mpaka jioni, zinajua jina langu, na hakuna inayoniuliza habari yangu. Wengine wanapita nje wanasalimia, lakini mbio mbio, wana kazi. Usiku naongea na ukuta. Sitaki kukuficha.

Nilimwuliza mwenyekiti, nikienda kwetu redio itakaa wapi? Akasema wataiweka kwenye stoo ya samaki. Stoo inafungwa jioni na kufuli, mlinzi anakwenda kunywa. Pamela ana cherehani inapiga kelele na watoto wawili. Niliwaza nani mwingine haendi mahali. Niliwaza wiki nzima.

Sikuji, Mghoi.

Nimesema. Pamela ameacha kuandika ananiangalia. Andika hivyo hivyo. Sikuji, na siyo kwa sababu nimekusahau. Nataka kukaa na wewe jikoni tuongee kikwetu mpaka taya ziume. Nikilala naona vile tungekuwa tunagombania blanketi. Kijana wako asikate tiketi. Na kile chumba unasema umenipakia chokaa, umeweka na dirisha la kuangalia upande wa bonde, weka mahindi humo. Usikiweke wazi. Weka mahindi.

Msalimie shemeji, mwambie anywe maji ya moto na asivute. Msalimie kijana wako wa kazi ya posta, na bibi yake ambaye sijamwona. Nisalimie mke wa kaka yetu, hata kama bado hamsemezani, mwambie ni mimi nimesalimia siyo wewe. Na yule mama mkunga mzee, kama bado yuko, mwambie ninamkumbuka.

Na mimi nikifa, Mghoi, usije. Ni mbali na magoti yako ni mabaya. Hapa watanililia kwa Kijaluo, wanajua kulia hawa watu, hilo sina wasiwasi. Wewe kaa hapo nyumbani, unililie kwa kikwetu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Wakesho